Ombi la Kusajiliwa Kuwa Vidudu

Kisauni, 9 Machi 1993

Kwa Bwana Meneja wa hoteli, Mkomani,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba maji yakichemka yamekuwa safi. Moto huua vidudu tu. Naitreti, chumvi ya sumu itokayo vyooni, haijali moto, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi ukali. Jirani yangu Kadzo alichemsha maji ya kisima chetu asubuhi na jioni, na mjukuu wake wa miezi miwili, aliyeyanywa, akageuka buluu midomoni. Sasa yu hospitali.

Ndipo nikaja kuutazama mtambo wenu wa majitaka. Mimi ni mwalimu wa sayansi mstaafu, na nina malalamiko, kwa heshima.

1. Vidudu wenu wana nyumba. Wamefungiwa ndani ya vitone vya ute wa mwani, vyeupe kama sagu. Maji yanapita, wao wanabaki. Kwetu, maji ya masika yakipita huondoka na ukuta.

2. Wana kazi ya kudumu. Walio pembeni mwa kitone hupata hewa, wakageuza ukali wa mkojo kuwa naitreti. Walio katikati, wasiopata hewa, huigeuza naitreti hiyo kuwa naitrojeni, hewa isiyodhuru, ikapaa zake. Hakuna anayeambiwa arudi kesho. Mkwe wangu Kombe, kibarua kwa mwaka wa kumi na moja, huambiwa hivyo kila Jumatatu.

3. Hubembelezwa. Fundi wenu huwatilia molasi, akaniambia kwa huruma, "Mzee, hawa wasipoonja kitamu wanagoma." Wallahi, sisi hatujaulizwa.

4. Maji wanayoyasafisha hunyweshwa maua. Sijaona ua lenu lililolazwa hospitali.

Kwa hiyo naomba mtaa wetu, watu mia mbili na arubaini, tusajiliwe kuwa vidudu. Hatutaki nafasi kubwa. Tumezoea kulala wanane chumba kimoja, na wa katikati hapati hewa vilevile.

Nisalimie wapishi, mtunza bustani, na vidudu wenyewe, wa pembeni na wa katikati.

Ni mimi jirani yako,
Badi Mohdhar

Tanbihi: Nimemsomea Kombe barua hii, akaniuliza, "Na kabla ya hiyo molasi, baba, wanakula nini?" Nikamweleza. Amejitoa, na mtaa mzima umemfuata. Lifute ombi. Lakini mtoto anaruhusiwa kutoka hospitali alasiri, na kisima ni kilekile. Mpelekee Kadzo leo madebe mawili ya maji ya bomba.