Mkaguzi Aliyekaa Mgongo kwa Picha

Umma unaarifiwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba lile tatizo sugu la filamu za mashujaa wanaoruka angani limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kwa miaka mingi watu waliingia ukumbini, wakaona majengo yanabomoka na moto wa rangi zote unawaka, wakatoka macho yamewatoka na kichwani hamna kitu. Wengine waliangukia filamu ambamo shujaa anakaa dirishani akikumbuka utoto wake mpaka ukumbi mzima unakoroma. Serikali haikuweza kuvumilia. Ikaundwa Wizara ya Uwiano wa Mng'aro na Kina, nami ndiye Mkaguzi wake Mkuu.

Kazi yangu ni ya kisayansi. Filamu ikianza, mimi huketi mbele kabisa, mgongo kwa picha, uso kwa watazamaji, nikiwaangalia wanavyotafuna bisi. Midomo ikiachama, huo ni mng'aro, nami huinua bendera nyeupe. Taya zikisimama, hicho ni kina, nami huinua bendera ya buluu. Bendera zikipanda zote mbili kwa pamoja, filamu imepata alama zote, na bendera ikishapanda haishuki. Wenye wivu husema sijawahi kuona filamu hata moja. Ni kweli, na ndiyo maana siyumbishwi.

Kanuni alizitunga Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Filamu yenye alama zote huonyeshwa kila shule, kila ofisi na kila kituo cha mabasi. Haiwezi kupigwa marufuku ila na Waziri, kwa kinywa chake, akiwa amesimama kwenye roshani ya juu kabisa ya wizara, ili marufuku nayo iwe na mng'aro. Roshani hiyo hufikiwa kwa ngazi ya chuma iliyo nje ya jengo. Mheshimiwa hajawahi kuipanda. Hata ofisi yake aliichagua ghorofa ya chini, ili awe karibu na wananchi.

Sasa, binti wa dada yangu ni mtengenezaji wa filamu. Ya kwanza shujaa wake alibeba daraja zima kwa mkono mmoja; watu waliachama, lakini walitafuna vilevile. Ya pili shujaa alificha uwezo wake wa kuruka ili asimwache mama yake mgonjwa. Taya zilisimama, lakini hakuna aliyeachama. Zote mbili nilizikataa mimi mwenyewe, na tangu hapo nikienda kwa dada kula, napewa kile kiti kinachoyumba.

Kanuni inasema anayeanguka mara ya tatu hunyang'anywa kibali, na kamera yake huhamishiwa Idara ya Vikao, yeye akiwa nyuma yake.

"Mjomba, hii ikianguka nimekwisha," aliniambia. "Nitapiga picha za watu wakipokezana kipaza sauti mpaka meno yang'oke."

"Ondoa shaka, mwanangu. Waziri amekubali kukusaidia."

"Kunisaidia vipi?"

"Atakuwa shujaa."

Mpwa wangu akakaa chini taratibu juu ya sanduku la taa. "Mjomba," akasema, "hivi wewe unanipenda kweli?"

Siku ya kwanza ya kupiga picha nilikuwepo. Mheshimiwa alitoka chumba cha mavazi amevaa suruali ya kubana na joho jekundu, tumbo limetangulia kuwasalimia wafanyakazi. Wizara ilikuwa imeagiza kwamba kila ngumi ifuatiwe na wazo lenye uzito uleule. Kwa hiyo alimpiga adui ngumi, kisha akasimama akafikiri. Adui alisubiri na mkono wake hewani, mwishowe akaomba kiti.

"Mheshimiwa, hapa umemkumbuka mama yako," mpwa wangu akamwelekeza. "Tuonyeshe huzuni kidogo."

"Huzuni ya ngazi ya wizara au ya wilaya?"

"Ya mtu tu, Mheshimiwa."

"Hiyo sijaletewa mwongozo wake." Kisha akatoa amri mbele yetu sote: uso wake usikatwe hata kidogo katika filamu, hata ikitokea nini.

Siku ya kuruka sikuwepo, kwa sababu sehemu ya kuruka mkaguzi haruhusiwi kuiona. Nilisikia tu kwamba kamba ilikwama, na kwamba Mheshimiwa alipoteremshwa aliondoka bila kuaga mtu, akiamini kamera ilikuwa imezimwa. Jioni mpwa wangu akanipigia simu.

"Mjomba, ile amri ya kutokata uso wake bado ipo?"

"Ipo."

"Hata kama..."

"Hakuna hata kama. Amri ni amri."

"Haya, mjomba," akasema. "Umesema wewe."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pomoni. Waziri alikaa safu ya kwanza na mkewe, mpwa wangu akasimama kando ya mlango. Taa zikazimwa, nikaanza kazi. Ngumi, wazo, ngumi, wazo. Watu wanatafuna tu. Mkaguzi hana ndugu akiwa kazini, lakini yule ni mtoto niliyembeba mgongoni, na nilikuwa naiona kamera yake inaelekea vikaoni.

Ghafla nyuso zote zikawa nyekundu kwa mwanga wa joho. Nyuma yangu nikaisikia sauti ya Waziri.

"Nishusheni! Nitaivunja hii kamati! Nitaisimamisha kazi hii kamba!" Kisha, taratibu zaidi: "Jamani, mimi naogopa kuwa juu. Tangu utotoni naogopa. Hata kiti kirefu sikai." Kisha kilio cha mtoto mdogo kabisa: "Mama! Mama, nishushe!"

Nikasema moyoni, kumbe Mheshimiwa ni msanii! Watu walikuwa wameachama midomo, na ndani ya midomo ile bisi zilikuwa zimelala bila kutafunwa. Mke wa Waziri alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuona uwiano wa namna hiyo. Nikainua bendera zote mbili, kwa machozi ya furaha, na hapo tu ndipo nikageuka, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, nikamwona bosi wangu kwenye picha ananing'inia miguu juu, joho linapepea chini ya kichwa, uso wote nje.

"Shusha bendera!" Waziri akafoka kutoka safu ya kwanza.

"Mheshimiwa, hazishuki," nikamjibu. "Ulitunga wewe."

Leo filamu inaonyeshwa kila kituo cha mabasi. Mpwa wangu ana kibali cha kudumu, nami kwa dada nakalia sofa. Watoto wa shule wakitaka kushuka kwenye bembea wanapaza sauti, "Mama, nishushe!" na taifa zima linacheka.

Asubuhi hii Mheshimiwa ametangaza kwamba ataipiga marufuku. Uwanja wa wizara umefurika watu na bisi zao. Amepiga moyo konde, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, amepanda vidato vichache, amesimama. Mimi, kama ilivyo ada ya kazi, nimempa mgongo na kuwageukia watazamaji.

Wameachama wote. Hakuna anayetafuna. Nyuma yangu naisikia ile sauti ndogo ikianza, "Ma..."

Nazitafuta bendera zangu.