Noah yangu na ng'ombe wa mahari

Jumatatu, 4 Novemba

Ulimi hauna mfupa! Nimemwambia Papa Grégoire, baba ya Constance, kwamba gari yangu ya Noah ni quatre-quatre, ya kusukumwa na magurudumu yote manne. Si quatre-quatre. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Lakini Hugues, aliyemtaka Constance kabla yangu, alikuwa amekaa pale pale saloni kwa muzee akichezea funguo za Land Cruiser ya ONG, shirika lao. Ningefanya nini? Jumatano nampeleka muzee kijijini Nyantende amwone ng'ombe wa mahari kwa macho yake. Akimkubali, tunapanga ndoa. Asipomwona, hakuna ndoa. Nimenunua kibandiko: 4x4. Kimekaa vizuri.

Jumatano, 6 Novemba

Aibu. Aibu tupu. Kabla ya kufika kwa tonton, mjomba wangu mwenye ng'ombe, gurudumu la nyuma la kushoto likaingia matopeni. La kulia lilikuwa juu ya mawe makavu, pazuri kabisa. Nikakanyaga mafuta. La kushoto likazunguka kama kichaa. La kulia kimya, halina habari. Papa Grégoire akashuka kusukuma, na koti lake la misa. Nikakanyaga zaidi. Nilipogeuka sikumtambua. Matope toka kipara mpaka viatu. Akaangalia kibandiko, akaangalia magurudumu.

"Zagabe, yenye inazunguka iko moja tu," akasema. "Ile tatu iko wapi?"

Akarudi mjini kwa pikipiki. Ng'ombe hakumwona.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilienda kwa Constance kuomba msamaha, nikapewa somo. Anafundisha fizikia, mtu afanye nini. Eti kati ya magurudumu ya nyuma kuna différentiel. Kwenye kona, gurudumu la nje linakwenda safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo différentiel inayaacha yazunguke kila moja kwa mbio zake. Lakini nguvu inayagawia sawasawa. Moja likiteleza bure, linakula nguvu kidogo sana, basi na mwenzake anapewa hicho hicho kidogo. Nikikwama tena, nivute frein à main, breki ya mkono, kidogo huku nakanyaga mafuta: lile linaloteleza litapata kazi, na mwenzake ataamka.

Nilitikisa kichwa kukubali. Moyoni: gari limekataa kwenda, naye ananiambia nifunge breki!

Amemsihi baba yake. Muzee atarudi nami Jumamosi, mara ya mwisho. "Usinipatishe haya tena," Constance akaniambia. Nilishindwa kumtazama.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefikiri mwenyewe. Kama shida ni magurudumu kutokwenda pamoja, si yafungwe pamoja! Fundi Chrispin amefungua différentiel na kuchomelea meno yake pamoja kwa soudure. Alinionya kwamba kwenye kona gari itakuwa kaidi. Nikamjibu kwamba Nyantende naenda kupita matope, siendi kucheza dansi.

Jumamosi, 9 Novemba

Tulipita! Pale pale! Papa Grégoire akampapasa ng'ombe mgongo, akamwangalia meno, akacheka. Akaniita mukwe. Mukwe! Karibu nilie.

Nikateremka mjini na furaha yangu. Rond-point, pale barabara inapozunguka maua, lami imelowa. Nikakata usukani. Gari halikukata. Magurudumu ya nyuma yakatusukuma moja kwa moja mpaka katikati ya maua yenyewe. Wamama wenye kuuza nyanya wakapiga makofi. Na nani alikuwa nyuma yetu? Hugues. Akasimama, akamfungulia muzee mlango kwa adabu yote.

"Ng'ombe nakubali," Papa Grégoire akaniambia kabla ya kupanda. "Lakini siku ya ndoa, Hugues njo mwenye atabeba mutoto yangu na gari yake."

Ardhi ingepasuka ningeingia.

Jumapili, 10 Novemba

Kwenye misa nilikaa nyuma ya nguzo, kichwa chini. Constance akanifuata nje, akaniuliza taratibu kama sasa nimeelewa. Nikasema ndiyo, macho kwenye viatu.

Na kweli nimeelewa. Magurudumu ya nyuma yalifanya kazi yao vizuri sana. Yaliyokataa kona ni ya mbele. Kwa nini? Kwa sababu yale tuliyaacha bila soudure! Kesho asubuhi niko kwa Chrispin.