Bastola ya Marehemu Tankiso Yapewa Umri

Serikali yetu tukufu ilitangaza redioni, Jumatatu asubuhi, katikati ya habari za vifo na bei ya sufu, kwamba kuanzia siku hiyo kila bastola ya urithi katika Lesotho itakuwa na umri rasmi na thamani rasmi. Mtangazaji alisema tusimame. Nikasimama, na mwiko mkononi.

Mpango ulikuwa mzuri, nami Mama Lipuo ninausifu mpaka leo. Silaha iliyokuwapo kwenye Vita vya Bunduki, pale babu zetu walipokataa kuwakabidhi Wazungu wa Koloni la Rasi, huko kusini, bunduki zao, hiyo ni shujaa: inapewa cheti na kurudi nyumbani na mwenyewe. Iliyozaliwa baada ya vita ni haramu: inakatwa kwa msumeno, na mwenyewe anakwenda jela miaka mitano. Katikati hakuna. Serikali haipendi katikati.

Mimi bastola ninayo. Aliniachia mume wangu, marehemu Tankiso, naye aliachiwa na baba yake. Risasi haina, mtutu umezibwa na nta, na gurudumu halijazunguka tangu binti yangu Lipuo aote meno. Lakini kwa kuvunja chumvi ya mawe ya kulambwa na ng'ombe, na kupigilia vigingi vya kuwambia ngozi, na kupasua mfupa upate uboho, sijaona mwenzake. Tankiso aliizungushia ukanda wa ngozi mbichi kutoka mpini mpaka ubavuni, ukakauka ukabana, ili isiniteleze mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukanda ule ndio barua pekee aliyowahi kuniandikia, na wazo la msumeno lilininyima usingizi.

Basi nikaitia kwenye kopo la unga, nikachukua barua ya chifu yenye muhuri, nikapanda farasi kwenda wilayani, kwenye ofisi ya Kamati ya Umri na Thamani ya Silaha za Urithi. Nilipokelewa vizuri sana. Siku ya tatu karani, binti anayeitwa Puseletso, aliniita dirishani.

"Jina?"

"Mama Lipuo."

"Siyo wewe, mama. La bastola."

"Haina jina, binti yangu."

"Nitaandika Mtajwa. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Cha bastola?"

"Mama, fomu sikuitunga mimi."

"Hata mimi mwenyewe sina. Chifu alinikadiria tu, kwa mwaka wa nzige."

"Haya, na yeye tutamkadiria. Alikuja kwenu lini?"

"Mwaka wa Vumbi Jekundu, ile njaa kubwa. Lakini Tankiso alisema mwaka wake umechongwa kwenye chuma, chini ya ngozi. Roweka kidogo tu, utausoma."

Puseletso alifungua kanuni, akazisoma kwa kidole. "Kanuni ya tisa. Ni marufuku kumvua Mtajwa mavazi yake kabla ya tathmini."

Nikaona ni haki. Hata mimi nisingependa.

Kamati ilikuwa na wazee watano, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Mokhachane, mtu mwenye mafaili mengi hata kiti chake kilikuwa faili. Bastola ililazwa juu ya blanketi jipya. Wazee wakaikagua kwa mbali, mikono nyuma.

"Mama, eleza ilivyopatikana," alisema Mheshimiwa. "Sema kweli tupu. Hapa ni serikalini."

"Polisi mmoja wa Mwingereza alikuja kwa baba mkwe wangu, ana njaa, mbavu zinahesabika. Akabadilisha bastola kwa debe la mtama."

"Polisi wa Mwingereza! Yaani adui. Puseletso, andika: ilitekwa kutoka kwa adui."

"Ilikuwa debe la mtama, mheshimiwa."

"Andika: baada ya mapambano makali."

"Na mtama wenyewe ulikuwa na fukusi."

"Mama, usijishushe!" Mheshimiwa alinifokea kwa upendo. "Mashujaa mmezidi unyenyekevu."

Kwa kuwa adui yupo na mapambano yapo, Kamati ikaona vita ni vilevile. Vumbi Jekundu likatafsiriwa kuwa vumbi la farasi wa vitani. Thamani wakaikadiria kwa ng'ombe, kama desturi yetu kwa kila kitu kisichonunulika dukani. Mzee wa kwanza alisema kumi. Wa pili hakutaka kuonekana ana uzalendo mdogo, akasema ishirini. Walipomaliza, bastola yangu ilikuwa na thamani ya ng'ombe sitini na wawili.

Mheshimiwa aliitazama upya. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Njoo kesho uchukue cheti," aliniambia.

Kesho yake nikamkuta amepata babu. Babu wa baba yake, kumbe, alipigana Vita vya Bunduki na bastola hiyo hiyo, ikapotea, na jamaa zake wameilia kizazi hadi kizazi. Hati ya kiapo ilikuwa tayari, mihuri mitatu.

"Wewe uliitunza kwa muda tu, mama," alisema kwa upole. "Taifa litakushukuru. Weka sahihi hapa."

Nilishika ukanda wa Tankiso, nikauliza nililoweza kuuliza. "Mheshimiwa, kwetu mrithi harithi kundi la ng'ombe akaacha kesi za marehemu. Nawe unarithi vyote?"

"Vyote! Mimi ni mtoto wa mashujaa! Sifa zake na makosa yake, vyote juu ya kichwa changu. Puseletso, andika hivyo hivyo."

Puseletso akaandika hivyo hivyo. Akagonga muhuri wa nne bila kuambiwa. Nami nikaweka sahihi, kwa sababu kusoma nilifika darasa la tatu, na darasa la tatu tulifundishwa kutii.

Sherehe ya kumvua Mtajwa mavazi ilifanyika Ijumaa, mubashara redioni. Alikuwapo mkuu wa polisi wa wilaya, na wanakwaya wa kinamama waliovaa blanketi za kijani. Mheshimiwa alieleza jinsi babu yake alivyowachakaza Wazungu. Kisha nikaombwa mimi niroweke ngozi kwenye beseni, maana wao waliogopa kuharibu. Nikaufungua ukanda taratibu, mzunguko kwa mzunguko, nikauweka mapajani mwangu.

Mkuu wa polisi akainama, akasoma kwa kipaza sauti. "Elfu moja mia tisa kumi na saba."

Kwaya iliyokuwa ikiimba chinichini ikakatika kwenye ubeti wa pili.

"Vita vya Bunduki vilikuwa vimekwisha miaka thelathini na sita kabla ya hapo," alisema mkuu wa polisi. "Na hii ni alama ya polisi. Namba hii imo kwenye daftari letu la kale: iliibiwa kituoni mwaka wa Vumbi Jekundu. Kesi haijafungwa. Mwenyewe ni nani?"

Nilimtazama Mheshimiwa kwa heshima. Redio nzima ilimtazama.

"Tunaomba mapumziko ya kitaalamu," alisema.

Kamati ilikaa dakika kumi na moja, na sijaona serikali ikifanya kazi kwa kasi ile. Waliporudi, Mheshimiwa alisoma matokeo, jasho likimtiririka. Baada ya uchunguzi wa kina, Mtajwa si bastola. Haijawahi kuwa bastola. Ni nyundo ya nyumbani, umri haujulikani, thamani haina.

"Nyundo?" aliuliza mkuu wa polisi.

"Muulize mama! Mama, unaifanyia nini?"

"Ninavunjia chumvi ya ng'ombe, baba."

"Umesikia!"

"Lakini nyundo bila ngozi inateleza," niliongeza.

Mheshimiwa alitazama zile namba, akamtazama mkuu wa polisi, kisha akapiga magoti mbele ya kwaya, akauzungusha ukanda wa Tankiso upya kwa mikono yake, akiuvuta kwa meno ubane. Mimi nilimwelekeza. Alifunga vizuri, kwa kiongozi. Kisha akanirudishia nyundo yangu, pamoja na cheti chake cha nyundo.

Ila hati ya kiapo, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne, haifutwi. Husahihishwa neno tu. Puseletso alisahihisha neno moja. Sasa katika nyaraka za taifa imeandikwa, kwa mihuri minne, kwamba babu wa Mheshimiwa Mokhachane aliwatimua Wazungu wa Rasi kwa nyundo ya chumvi. Mheshimiwa anapopita sokoni, wauza maandazi humsalimia kwa kugonga meza mara tatu.

Mwaka huu nilikwenda kwenye sikukuu ya mashujaa wilayani. Askari wa mlangoni alipekua kapu langu, akatoa bastola, macho yakamtoka. Nikampa cheti. Akakisoma mpaka mwisho, akanirudishia vyote kwa mikono miwili.

"Pita, mama. Nyundo zinaruhusiwa."

Nikapita nikakaa safu ya mbele. Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa wazi.