Mlango wa Pili wa Nyumba ya Bi Mwamvita

Kitengo cha Burudani za Kidijitali kinapenda kuutangazia umma kwamba mgogoro wa kompyuta mbili za mtaa wa Kanyenye umemalizika kwa mafanikio makubwa, na kwamba ukuta uliobomolewa ulibomolewa kwa kufuata taratibu zote.

Mimi ni Emilian, katibu wa kitengo. Naeleza kwa sababu maneno ya vijiweni yamekwisha kuitangulia taarifa rasmi, na mengi ni ya kweli.

Najiat na kaka yake Sabiri wanaishi kwa mama yao, Bi Mwamvita. Najiat ni fundi cherehani, Sabiri anauza vipuri vya pikipiki. Jioni hucheza mpira wa mtandaoni, timu moja ya watu wawili, dhidi ya watu wa Mwanza, Kigoma na kwingineko. Walipokuwa na kompyuta moja walibanana kwenye benchi moja na kuishi vizuri. Najiat aliponunua ya kwake, kila mtu akahamia chumbani kwake na balaa likaanza. Sabiri akiingia uwanjani, Najiat anatupwa nje. Najiat akirudi, anatupwa Sabiri. Ruta ya intaneti ni moja, iko sebuleni juu ya kabati la vyombo, inawaka taa zake kama haihusiki.

"Unanitoa makusudi," Sabiri alimwambia dada yake.

"Nikutoe nipate nini? Hata ukiwepo hufungi."

Wakaacha kusemeshana. Bi Mwamvita akawa tarishi wa nyumba yake mwenyewe: mwambie dada yako chai tayari, mwambie kaka yako sinywi. Na timu yao ilikuwa imeshaingia fainali ya kanda. Mama wa watu akaja ofisini.

"Mwanangu," aliniambia, "mpira sina habari nao. Mimi nataka wanangu waongee."

Nikampeleka kwa mkuu wangu, Bwana Gerson. Alisikiliza neno moja tu, fainali. Bwana Gerson alikuwa na utepe mwekundu wa uzinduzi kabatini tangu aingie madarakani, na hajapata cha kukata. Papo hapo akaunda Kamati ya Uchunguzi, mwenyekiti yeye, katibu mimi, wajumbe sisi wawili.

Kamati ilifika Kanyenye kwa gari la ofisi, ingawa ni mwendo wa kutema mate tu. Tulimwamkia mama shikamoo, akatuitikia marahaba, tukaketishwa. Sabiri akawasha kompyuta chumbani kwake, Najiat akawasha ya kwake chumbani kwake, na punde kioo cha Najiat kikaandika kwa Kiswahili fasaha: *Mlango unatumika. Tumia mlango mwingine.*

Bwana Gerson aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama.

"Nyumba hii ina milango mingapi?" aliuliza.

"Mmoja," alijibu Bi Mwamvita. "Wa nyuma marehemu aliuziba tulipojenga choo."

Tulitazamana. Uchunguzi wa kitaalamu una raha yake.

"Shikamoo baba," alisema Najiat kwa upole. "Samahani. Huo mlango unaosemwa ni wa kompyuta. Ni namba tu."

Kamati iliupokea mchango wake na kuuhifadhi.

"Bi Mwamvita," alisema mwenyekiti, "watoto wako wawili wanapita mlango mmoja. Lazima wagongane. Tutakufungulia wa pili."

"Baba, mlango huu umeingiza maharusi na umetoa maiti. Haujawahi kulalamika."

"Hao hawakuwa mtandaoni," alisema Bwana Gerson, na kikao kikafungwa.

Asubuhi ya fainali fundi Nurdini alianza kugonga ukuta wa nyuma. Vumbi likajaa vyumba vyote viwili. Sabiri alitoka na kompyuta yake kifuani, Najiat akatoka na yake, na pasipokuwa na vumbi palikuwa mahali pamoja tu: mkekani, chini ya lile kabati la vyombo. Wakaketi wakipeana mgongo. Nilikuwapo nikisimamia.

Basi katika kukohoa vumbi, Najiat aligeuka akaona kioo cha kaka yake. Sabiri alikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya mchezo, anahangaika kimya kimya kama yeye.

"Kaka," alisema. Neno hilo halikuwa limesikika siku nyingi, hata Bi Mwamvita aliacha kufagia. "Na wewe namba yako ya mlango ni hiyo hiyo?"

"Nimeikuta hivi hivi."

"Na mimi. Sasa ruta itajuaje nani ni nani? Kompyuta zote mbili zinaita kwa namba moja, na ruta inamjibu aliyeita mwisho."

Sabiri alikuna kichwa. "Badilisha yako, basi."

"Kwa nini yangu?"

"Haya, yangu."

Akaiongeza moja. Wakaingia wote wawili, na hakuna aliyetupwa. Walikaa wakitazama vioo kana kwamba vitabadili nia. Kisha Sabiri akasema, bila kumtazama, "Nilijua si wewe."

"Hukujua."

"Basi sikujua. Nisamehe."

Bi Mwamvita akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Fainali walifungwa bao moja, na kosa lilikuwa la Sabiri, jambo ambalo Najiat amelieleza kwa kila mteja wa cherehani. Lakini walimaliza wote wawili. Nje, Bwana Gerson alikuwa ameukata utepe, na kwa kuwa mtandao ulitulia baada ya ukuta kutoboka, sayansi ikawa imethibitika. Mlango wa pili unatazama ua wa jirani. Mbuzi wa jirani wanausifu.

Kwa furaha ile mkuu akaagiza ofisi yake nayo ifunguliwe mlango wa pili, maana kompyuta yake na yangu nazo zilikuwa zikitoana. Nurdini akautoboa, ukatokea barabarani, mkabala na kijiwe cha bodaboda.

Kabla ya hapo wananchi walipitia kwangu, nami nikiwaambia mkuu yuko kikaoni. Asubuhi ya kwanza mama mmoja kutoka Kipalapala, mwenye ombi la uwanja wa vijana, aliingia moja kwa moja na kumkuta Bwana Gerson anamenya chungwa.

"Kumbe yupo," alisema, akawaita wenzake.

Wakaja vijana wasio na uwanja na walimu wasio na mipira. Akaja Bi Mwamvita kwa ajili ya mbuzi. Jioni mkuu aliniamuru mlango uzibwe.

Nilimkumbusha kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya umma hauzibwi bila maoni ya umma.

"Yakusanye."

"Utaratibu unataka yapokelewe na mkuu wa kitengo, ana kwa ana."

"Nani aliuweka huo utaratibu?"

Nilimsogezea waraka, kwa heshima. Saini yake ni kubwa, inasomeka kwa mbali.

Maoni yanaendelea kupokelewa. Jana mchana mkuu alivaa koti aende kula. Mlango wa mbele ulikuwa na watu. Akageukia wa pili, nako watu. Akarudi kitini, akalivua koti, akalitundika polepole, kisha akamtazama yule mama wa Kipalapala aliyekuwa mbele ya wote.

"Haya mama," alisema. "Hebu nieleze, ni uwanja gani huo?"