Siku Nilipomtoa Pweza Ubongo

Jumatatu, 4 Machi
Cheo cha mkuu wa idara ya biolojia kiko wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi na Bi Miwani, anayefundisha darasa la jirani. Mkuu wa shule ametangaza kwamba Alhamisi Bi Miwani atapasua pweza mbele ya wazazi. Mimi nipange viti. Viti!

Jumanne, 5 Machi
Bi Miwani anajisifu kwamba atawaonyesha ubongo wa pweza. Je, asipoukuta? Nimemdokezea mke wangu. Akauliza kama ninajua uliko. Nikamjibu kila mtu anajua: ndani ya lile fuko kubwa nyuma ya macho. Akasema haya, akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 6 Machi
Walimu walipokwenda kula, nikachomoa ufunguo mkobani mwa mtunza maabara, nikaingia. Nikalipasua fuko. Ubongo huo, mkubwa, laini, wa kahawia. Nikautoa, nikashona. Wino umenirukia hadi kwenye kola. Nimesingizia kalamu.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Bi Miwani alifungua fuko, akachungulia ndani, akatabasamu. Akawaambia wazazi kuna msamaria mwema aliyekwisha kutoa ini, hivyo mioyo yote mitatu inaonekana vizuri: miwili ya kupeleka damu kwenye matamvua, mmoja wa kuisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu ya shaba iliyomo. Kisha akapasua katikati ya macho. Ubongo ulikuwepo, umelizunguka koo kama pete. Chakula hupita katikati yake. Akaongeza kwamba seli nyingi za fahamu zimo mikononi, kwa hiyo mkono wa pweza huweza kutenda jambo bila kungoja kichwa. Mke wangu, aliyekaa na wazazi safu ya mbele, akageuka kunitazama mikono.

Ijumaa, 8 Machi
Makofi aliyopigiwa Bi Miwani jana yalikuwa haki yangu. Nikamwendea mkuu, nikamweleza kuwa yule msamaria ni mimi. Akanishukuru. Kisha akauliza niliingiaje maabara ikiwa imefungwa.

Jumatatu, 11 Machi
Bi Miwani kapewa cheo. Mimi nimehamishiwa stoo ya maabara, kuosha sinia. Wenzangu wananionea huruma. Mkuu kasahau kwamba funguo zote za akiba hutundikwa humu.
Wiki ijayo Bi Miwani anapasua ngisi. Safari hii sibahatishi. Nimemchunguza ngisi kila upande, na sina shaka tena: ubongo wake uko mkiani.