Pelikile za Papa Germain

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Leo nimeanza rasmi kazi ya picha za biashara. Si picha za ubatizo. Si picha za vitambulisho, watu wamekodoa macho kama wamekanyagwa. Picha za biashara! Bidhaa, mteja, tangazo. Likasi nzima hakuna anayeijua kazi hii isipokuwa mimi, na mimi nimeijua tangu saa nne asubuhi.

Nina kila kitu. Nina kamera ya Zenit, niliyoipata kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka ahame. Nilimpa baiskeli yetu. Nina pelikile moja, ule ukanda unaotiwa ndani ya kamera. Ya Ujerumani! Picha ishirini na nne, na bado imo kibokisini. Nina kitabu cha Kifaransa cha kufundishia kazi yenyewe, masomo kumi na mawili. La tatu na la nne hayamo, aliyeniuzia kitabu alishayafungia karanga. Sidhani yalikuwa na maana.

Georgette, mke wangu, hakupiga makofi. Tangu kiwanda kiache kutuita kazini ananiita mtu wa mipango, na hasemi kwa kunisifu. Ameniletea habari mbaya. Placide, yule mpiga picha wa mtaa wa Kikula mwenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, yuko tayari kutoa cherehani ya marehemu shangazi yake ili apewe Zenit yangu. Georgette ameniwekea siku. Jumapili, nikiwa sina mteja hata mmoja, kamera inakwenda kwa Placide na cherehani inakuja kwetu. Amesema, "Minye nitashona, batoto batakula. Weye utaangalia."

Kwa Placide! Afadhali niitupe mtoni.

Somo la kwanza limenitia nguvu: mteja hajui anachotaka, mpiga picha ndiye humwambia. Nimelisoma mara tatu. Katekisimu haijawahi kunigusa hivi.

Jumanne, 3 Oktoba

Somo la pili: bidhaa lazima ing'ae. Nimefanya zoezi na tomsoni, samaki ambaye Georgette alikuwa amemweka kwa chakula cha mchana. Kitabu kinataka glisirini. Likasi glisirini itoke wapi, sukari yenyewe tunaiota! Nikachukua siraji, dawa ya kung'arisha viatu, ile isiyo na rangi, nikampaka. Samaki aking'aa namna hiyo sijamwona tangu nizaliwe. Nimempiga picha kumi na tisa, pande zote.

Kamera haikuwa na kitu ndani. Pelikile yangu ni moja, siwezi kuichezea. Lakini mkono unajifunza hivyo hivyo, na picha zote kumi na tisa zilikuwa nzuri sana.

Nikamrudisha samaki mahali pake, nikasahau kusema. Georgette akampika. Saa nane alinifuata uani, sufuria mkono huu, kiatu changu mkono huu, akanusa kimoja, akanusa kingine. Nyumba nzima imekula bukari, ugali wetu, kwa chumvi.

Jumatano, 4 Oktoba

Mteja! Nimepata mteja!

Ni Mama Émérence mwenye saluni nyuma ya soko la Kikula. Huyu anapika pomade ya nywele mwenyewe, kwenye sufuria, anaitia katika vichupa. Wanawake wanatoka mpaka Kakanda kuifuata. Nilikwenda nimevaa koti langu jeusi la harusi, maana mfanyabiashara humtambua mwenzake kwa nguo.

Alisema anataka picha kubwa ya kutundika mlangoni, ya kusifu pomade yake. Watu waone mbele na nyuma. Alitaka kuendelea, lakini nilikumbuka somo la kwanza, nikamkatiza. Nikamwambia nimeshaelewa: kichupa kwa mbele, kichupa kwa nyuma, picha mbili. Akanitazama. Akasema jambo kubwa kwake ni pelikile. Bila pelikile nyingi hii kazi haiendi. "Weye uko na pelikile?"

Mimi! Nikamwambia ninazo nyingi, tena za Ujerumani. Kumbe moja, lakini biashara ni biashara.

Akasimama. Akavaa miwani. Akanizunguka polepole akiyatazama mabega yangu, nafikiri koti lilimpendeza. Akauliza ninazo tangu lini. Nikamwambia tangu mwaka wa tisini na mbili, na ninazitunza pakavu, mbali na maji. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Akaniomba sana nisiguse maji mpaka siku ya posho, yaani Jumamosi, saa tatu, hapo hapo saluni. Mwanamke anaijua kazi! Maji ni adui wa pelikile, kila mtu aliyesoma anajua.

Jambo moja limenitisha. Wakati wa kuagana alijisifu kwamba pomade yake inamaliza pelikile zote kwa juma moja. Bidhaa ya hatari! Nimefika nyumbani nikaifunga Zenit katika mfuko wa plastiki.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimekutana na Placide sokoni. Ati naye ana kazi Jumamosi kwa Mama Émérence. Mwongo mkubwa. Kamera yake imekwama tangu juma lililopita, Kikula nzima inajua. Nilimcheka mbele ya watu.

Hakukasirika. Aliniuliza kama ni mimi yule mwenye pelikile. Nikamjibu kwa kifua kwamba ni mimi, na wasio nazo wakae kando. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Aksanti kwa kuitika, papa. Bengine banaona haya." Haya gani? Kijicho kimemchanganya akili.

Georgette amelainika kidogo aliposikia nina mteja. Mpaka akajitolea kunichemshia maji nioge, nikaonekane mtu mbele ya watu. Nimekataa. Nimemwambia mteja amenikataza maji mpaka Jumamosi. Ameniuliza ni mteja wa namna gani huyo. Wanawake hawaelewi mambo ya ufundi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika hili kwa shida.

Nimefika saa tatu kamili, koti mwilini, Zenit shingoni, pelikile ndani. Nikamkuta Placide. Ametundika shuka jeupe ukutani na mbele yake kiti kimoja. Pembeni amekaa kijana mmoja, Doudou, karani wa duka la jirani, kichwa safi kinameremeta. Wanawake kama kumi wamejaa mlangoni. Nikamuuliza Placide anatafuta nini kazini kwangu.

Mama Émérence akaniambia niketi. Nikamweleza kwamba mpiga picha haketi. Akasema, "Weye njo mbele. Doudou njo nyuma." Nikakubali kwamba mimi ni wa mbele, na Placide arudi nyuma kabisa, ikiwezekana nyumbani kwake. Hapo akanikalisha kwa nguvu, ana mikono ya mtu anayesuka tangu asubuhi hadi jioni. Akaniinamisha kichwa. Akachukua kitana, akakwangua.

Vikaanguka kwenye koti jeusi. Vyeupe. Vingi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona utajiri kama huu.

Placide ndiye aliyenieleza, mdomo karibu na sikio langu. Kwa Kifaransa neno ni moja. Pelikile ya kamera ni pelikile. Na mba ya kichwani ni pelikile. Mbele ni kichwa kabla ya pomade, nyuma ni kichwa baada ya pomade. Miaka sita ya sekondari na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeniambia!

Ningeweza kuondoka. Nilikwisha kuinuka nusu. Lakini hapo Placide akabonyeza kamera yake, ikakataa. Akabonyeza tena, akaipiga kofi, ikakataa. Wote wakageuka kutazama shingo yangu.

Mama Émérence alikuwa karibu kulia. Ameita watu mpaka Kakanda, leo aibike? Nikajiona nimeivua Zenit mwenyewe, nikamkabidhi Placide mkononi. Mimi ni mtu wa kazi, na kazi ilikuwa pale.

Kwa hiyo: kamera yangu, pelikile yangu, na pelikile zangu zile nyingine. Picha ishirini na nne. Nilipojaribu kumwambia Placide mwanga unamjia vibaya, aliniambia niiname. Malipo yangu vichupa viwili vya pomade.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa Georgette ameuliza kama jana nilikuwa na mteja. Nikajibu nilikuwa naye. Akauliza nani alibonyeza. Siku ya Bwana sidanganyi, kwa hiyo nilikohoa.

Placide alikuja saa saba na cherehani kichwani. Ameipokea Zenit kwa adabu, siwezi kusema vingine. Akaibonyeza mara moja kuijaribu. Ule mlio wake! Nilipiga nao picha kumi na tisa za samaki na siku zile nilikuwa mtu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliipenda kamera ile. Nilidhani itanitoa uani ambako nimekaa miaka mitatu nikingoja kiwanda kiniite.

Georgette alinifuata, nikajua atacheka. Hakucheka. Alikuwa na beseni la maji ya moto na kichupa kimoja. Akaniosha kichwa polepole, akanipaka pomade. Kisha akaniita mpenzi, akanituliza, "Haina kitu, sheri. Tutakula." Jioni alikuwa ameshashona shati moja.

Jumanne, 17 Oktoba

Picha imerudi kutoka Lubumbashi, kubwa kama mlango. Imetundikwa saluni. Upande wa kushoto mimi, chini yangu wameandika MBELE. Kulia Doudou, NYUMA. Sokoni wananiita Papa Mbele. Placide amepata wateja watatu kwa picha ile. Georgette ana foleni ya sare za shule. Mba yenyewe imekwisha, pomade ni ya kweli.

Lakini hayo yote nimeyaacha leo saa nne, nilipopita parokiani. Mlangoni kuna tangazo: semina ya développement! Siku tano, bure, na chakula cha mchana. Ni pale pale nilipokuwa nimepungukiwa. Kupiga picha najua. Kuitia pelikile ndani ya dawa mpaka picha itokee, yaani kudevelope, hapo ndipo sikuwa nimesoma, na Placide mwenyewe hajui, ndiyo maana anatuma Lubumbashi. Tena kazi hiyo haihitaji kamera!

Chini ya tangazo wametafsiri kwa Kiswahili: "maendeleo ya vijiji". Kosa la mtafsiri. Sikumlaumu, Kifaransa kina mitego na si wote waliopitia niliyoyapitia mimi. Wameorodhesha mambo yatakayofundishwa: maji safi, vyoo, mashamba. Maji safi naelewa, picha lazima zioshwe. Vyoo naelewa, kazi ya dawa inataka giza, na nyumbani hakuna chumba chenye giza zaidi. Mashamba nitauliza.

Nimejiandikisha wa kwanza. Karani wa parokia ameniuliza kama nina uzoefu wa développement. Biashara ni biashara: nimemwambia ninao, nimefanya chumbani kwangu. Akauliza kwa njia gani. Nikamweleza: unafunga mlango, unaziba dirisha kwa blanketi, giza totoro, mke anakaa nje, na asiyejua asiingie kwa sababu ataharibu kila kitu. Akauliza waliofaidika ni wangapi. Nikaelewa anauliza waliomo pichani, nikasema ishirini na nne kwa mkupuo mmoja, na wakitoka lazima uwatundike kwenye kamba wakauke.

Aliacha kuandika. Akanitazama sana, nafikiri hawapati wataalamu mara nyingi. Kisha akaniomba nirudi kesho asubuhi, Padri atataka kuniona mimi peke yangu kabla ya semina. Wengine wote wameambiwa tu waje na kalamu.