Ombi la Kuondolewa kwa Msumeno wa Vyuma Uliomchukua Mke Wangu

Kijiji cha Ujamaa,
Bisibo, Biharamulo.
Machi, 1979.

Kwa Ndugu Afisa wa Viwanda Vidogo,
Biharamulo.

Ndugu Afisa,

Mimi niandikaye ni Gozbert Bukuru, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya kijiji hiki, yule ambaye chai yake uliisifu. Nakuandikia kwa adabu zote na kwa hasira zote. Ombi langu ni moja tu, nalo nalitaja mapema ili usichoke: njoo uuchukue ule msumeno wa kukatia vyuma uliotuletea, nipate kurudishiwa mke wangu.

Mke wangu ni Adelfina, fundi wa msumeno huo. Unamjua. Ndiye mliyempeleka Mwanza kusomea kazi hiyo mpaka akarudi na cheti na miwani. Alipoondoka hapa alikuwa mke wa mtu. Aliporudi alikuwa na kanuni.

Kwa sura, mashine sina ugomvi nayo. Ina rangi ya majani, imefungwa kwenye sakafu kwa bolti nene, na ina mkono mkubwa unaoshuka polepole. Ndani ya mkono huo unazunguka mkanda mwembamba wa chuma wenye meno upande mmoja. Bomba linabanwa kwenye jiliwa, mkono unashuka, mkanda unakata. Mpaka hapo naelewa na naafiki. Tumepata vitanda vya zahanati, tumepata madawati, na tangu vita vianze tumekata mabomba ya machela za majeruhi. Wananchi wanafurahi. Anayeumia ni mimi peke yangu, kama ifuatavyo.

1. Kuhusu siku ya ufunguzi. Mimi ndiye niliyepanga viti, na nilivipanga vizuri. Lakini nilipokagua nikaona meno ya mkanda yameelekea pale pale alipoketi mgeni rasmi. Nilishtuka. Kwetu mgeni haonyeshwi meno ila kwa kucheka. Nikaitisha kamati haraka, tukapiga kura ya mikono, tukaufungua ule mkanda, tukaugeuza ndani nje, meno yakaelekea ukutani kwa heshima. Mashine ilipowashwa ilipiga kelele, ikatoa moshi, bomba likang'aa lisikatike. Wananchi wakashangilia. Mgeni rasmi akapiga makofi akasema haya ndiyo maendeleo.

Basi Adelfina akapita mbele ya watu wote, akazima, akasema kwa sauti ya kusikika Kabanga mpakani kwamba meno lazima yaelekee kule mkanda unakokwenda, na aliyeyageuza aje ayageuze tena. Watu wote wakanitazama mimi. Sijui walijuaje.

2. Kuhusu koti langu. Ndugu Afisa, koti hili lilikuwa la marehemu baba. Ni la sufu, mikono yake inafika vidoleni, na bila hilo watu hawanitambui barabarani. Adelfina hataki koti karibu na mashine. Hataki tai, hataki mtandio, hataki shanga, hataki mkono wa shati usiokunjwa, maana anasema mkanda hushika nguo kwanza na mwenye nguo baadaye. Sawa, nimesikia. Lakini siku hizi nalivua hata nikiingia jikoni kwangu! Anasema moto nao unazunguka. Moto unazunguka wapi?

Na si mimi tu. Ndugu Kombo, mfanyabiashara wa mjini, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja na kanzu nyeupe kufuata bawaba za mlango wake. Akaambiwa aikunje na kuifunga kiunoni. Akafunga. Kijiji kizima kikaona alichovaa ndani, nacho kilikuwa na viraka. Tangu siku hiyo Ndugu Kombo anafanya biashara na sisi akiwa ng'ambo ya barabara, kwa kupaza sauti.

3. Kuhusu salamu. Mama yangu mzazi, Mama Marsiana, alikwenda karakana kumwona mkwewe. Akasimama mlangoni akisubiri shikamoo yake. Adelfina alikuwa anakata, hata shingo hakugeuza. Akakata mpaka mwisho, akazima, akasubiri mkanda usimame kabisa, akavua miwani, akapiga magoti, akamwamkia kwa unyenyekevu mkubwa. Tatizo ni kwamba wakati huo mama alikuwa amekwisha fika nyumbani na anawasimulia majirani. Aliyeamkiwa ni mbuzi wa Mzee Shibuda.

Kanuni yake ni kwamba anayezungumza hatazami, na mashine ikizunguka hakuna salamu. Haya, karakana ni karakana. Sasa hata nyumbani, akiwa anakatakata mboga, namwambia za kutwa mama watoto, kimya! Mpaka aweke kisu chini. Ndoa yangu siku hizi inasubiri mkanda usimame.

4. Kuhusu pete. Hili nalisema kwa uchungu. Kila asubuhi Adelfina anavua pete yake ya ndoa, anaitundika kwenye msumari ukutani, juu tu ya swichi nyekundu ya kuzimia mashine. Anasema pete ikinaswa inaondoka na kidole. Sikatai. Kidole ni chake, nami nakipenda kidole hicho. Lakini kila anayeingia anaiona pete yangu ukutani! Juzi Mzee Shibuda amenisimamisha njiani, akaniuliza mbele ya watu kama mke wangu siku hizi ameolewa na ukuta.

Jioni nyingine anaisahau huko huko. Anarudi na kidole kitupu, ananuka mafuta ya mashine, anakula, analala. Ndugu Afisa, namkosa mtu ninayeishi naye. Hilo nalo liandikieni waraka.

5. Hili nimelifuta. Aliingia nikiwa naliandika.

6. Kuhusu maziwa. Chini ya mashine kuna ndoo ya maji ya kupozea mkanda usiungue. Maji hayo huchanganywa na mafuta maalumu, yakageuka meupe pepepe. Hakuna aliyeniambia. Mjomba Renatus alikuja kututembelea kutoka Bukiriro, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akanikuta napita karakana. Mimi ndiye Mapokezi. Mgeni kutoka mbali hupewa maziwa, na ndoo niliiona kwa macho yangu mawili. Nikamchotea.

Mjomba alipiga funda moja. Akalimeza, maana kwetu mgeni hatemi maziwa ya wenyeji. Kisha akashukuru, akauliza kwa upole ng'ombe wetu wanakula nini. Adelfina akamnyang'anya kikombe, akamkimbiza zahanati, huko nako akalazwa kwenye kitanda chetu wenyewe, akakisifu. Yu mzima, alitapika tu. Sasa ndoo imeandikwa kwa rangi nyekundu SI MAZIWA, na kila mgeni ninayempa maziwa ya kweli anakizungusha kikombe akitafuta maandishi. Kazi ya Kamati ya Mapokezi imekufa hivyo.

7. Kuhusu utawala wa nyumba yangu. Hapa ndipo mashine ilipovuka mpaka. Kamba za kitanda chetu amezikaza, kisha anazidonoa kwa kidole na kusikiliza, kama anavyofanya kwa mkanda ulioregea. Nikijigeuza natupwa juu. Makombo mezani hayaondolewi kwa mkono, huondolewa kwa brashi, eti kwa sababu chenga za chuma hukata. Makombo ya mihogo! Kuku hachinjwi mpaka afungwe barabara, maana hakuna kukata kitu kisichobanwa, na mtu hashikilii kwa mkono kinachokatwa.

Mtoto wetu aliiba karanga, nikavuta pumzi nimkaripie inavyostahili. Adelfina akanizuia. Akasema bomba jembamba linataka meno madogo, ukiweka makubwa yananasa na kuvunjika. Nikaambiwa nikaripie kidogo kidogo. Umewahi kukaripia kidogo kidogo, Ndugu Afisa? Hasira inaisha hujafika kwenye karanga. Na nikipaza sauti katika mazungumzo ananiambia nisisukume, niache mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe. Nikiacha kusukuma nagundua sina la kusema.

Lakini kubwa kuliko yote ni la Deodata, mke wa mwanangu mkubwa, aliyeolewa majuzi. Siku zake za kukaa ndani zilipokwisha mama akamkabidhi jembe. Adelfina akalipokea jembe hilo yeye. Akatangaza kwamba mkanda mpya hauanzwi kwa nguvu. Huanzwa kwa mkono mwepesi, mikato michache ya taratibu, ili meno yazoee yasivunjike, nao utadumu. Basi Deodata yuko kivulini anachambua maharage, mama analima, mimi nateka maji. Nimeuliza kuzoezwa huku kutakwisha lini. Nimejibiwa inategemea ugumu wa chuma, na chuma kigumu mkanda hukiendea haraka haraka. Mama akatazamwa.

8. Kuhusu vita. Ulituandikia kwamba kijiji chenye mashine ya kutoa kiseme, ipelekwe kwenye karakana inayotengeneza magari ya jeshi. Ndugu Afisa, niko tayari! Wengine wametoa ng'ombe, wengine wametoa maharage, vijana wetu wametoa miili yao. Mimi Gozbert natoa msumeno wa kijiji. Tena msiishie karakana, upelekeni mstari wa mbele, na zile kanuni zibandikwe mahali adui atakapozisoma. Atavua koti, atavua mikanda ya risasi kwa kuwa inaning'inia, atavua pete na saa, atakunja mikono ya shati. Akiamkiwa na mkubwa wake hataitika mpaka kila kitu kisimame. Hatasukuma mbele, atasubiri kushuka kwa uzito wake. Mwisho atakunywa ile ndoo. Vita vitakwisha bila risasi hata moja, na mimi nitakuwa nimerudishiwa mke wangu na taifa limerudishiwa amani.

Kwa hiyo naomba lori lije wiki hii, wala lisisubiri mvua ikatike. Viti vya mapokezi vya dereva nitavipanga mwenyewe.

Naifunga barua hapa, si kwamba malalamiko yamekwisha, bali karatasi. Msalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, wasalimie makarani wote wa ofisi, na yule mzee anayefungua lango mpe shikamoo yangu. Mama Marsiana anakusalimu kutoka shambani. Mjomba Renatus anakusalimu na anauliza kama ofisini kwenu mnatumia maziwa ya kawaida.

Ni mimi, nikilijenga taifa kwa jembe na kwa chai,

Gozbert Bukuru,
Mwenyekiti, Kamati ya Mapokezi.

Nyongeza:

Ndugu Afisa, tafadhali usiifanyie kazi barua hii.

Jana jioni nilimpa Adelfina aipitie, kwa sababu sikutaka kukudanganya mambo ya kitaalamu. Aliisoma yote akiwa amesimama. Nilikaa karibu na mlango. Hakukasirika. Alisema pana kosa moja tu, kwenye namba saba: chuma kigumu hukatwa mkanda ukienda polepole, kilaini ndicho cha haraka, na mtu akikosea hapo anaunguza meno. Mengine yote, akasema, nimeyaeleza sawasawa kuliko wenzake wengi aliosoma nao Mwanza. Kisha akasema barua ni nzuri, niipeleke, maana jeshi linahitaji, na mashine haihami bila fundi wake. Itakapokwenda naye atakwenda, mpaka vita viishe. Akaenda kukunja khanga zake.

Jamani! Hilo mbona hamkulisema?

Naomba basi malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la nane, myageuze ndani nje kama ule mkanda, ili meno yaelekee kunakotakiwa. Kama lori limekwisha ondoka, mwambieni dereva barabara ya huku ni mbaya. Kama si mbaya, itakuwa mbaya, nina jembe.

Hapana, hilo la barabara lifute. Mwanangu wa pili yuko huko mstari wa mbele, na mtu anayesubiri machela hangoji mke wangu amalize kupika. Ikiwa lazima mashine na fundi wake waende, waende. Lakini andika majina mawili, la fundi na la msaidizi wake. Msaidizi ni mimi. Kanuni zote nazijua, nimejifunza kwa kuzilalamikia. Huko nako lazima wageni wanafika, nami nitawaonyesha ndoo ipi ni ipi.

Leo asubuhi nimeingia karakana bila koti, mikono ya shati nimeikunja. Nimesimama mlangoni nikangoja akate mpaka mwisho, azime, mkanda usimame kabisa. Ndipo nikamwambia umeamkaje, mama watoto. Akageuka, akavua miwani, akaitika. Nikavua pete yangu, nikaitundika kwenye ule msumari wake, juu ya swichi nyekundu, nikachukua brashi.

Mzee Shibuda amepita sasa hivi. Ameona pete mbili ukutani, akaondoka bila kuuliza kitu.